Wanataka niwe mzee wa kanisa, nyumbani wananiogopa

BARUA

Shikamoo mama, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka 47, naishi Mbeya. Nafanya biashara ya viazi mviringo. Nanunua kwa wakulima kule Umalila na Uporoto, napakia kwenye fuso, nashusha Dar es Salaam. Ndiyo kazi iliyonijengea nyumba na kusomesha watoto, sina la kulalamika.

Niliokoka mwaka 2016 kwenye mkutano wa injili wa uwanjani. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa pombe na wanawake, na si siri, mtaa mzima unajua. Usiku ule niliombewa, kesho yake nikapita mbele ya baa niliyokuwa nikikaa, sikusikia hata hamu. Tangu hapo sijaonja. Wanawake nao tuliachana. Mke wangu alikuwa haamini. Nikirudi safari alikuwa ananinusa mdomo. Usharikani watu walimtukuza Mungu kwa ajili yangu, nikawa naitwa kwenye semina za vijana kutoa ushuhuda. Nimeutoa mpaka najua ni wapi watu watasema "haleluya".

Sasa mama, kuna vitu havikuondoka usiku ule. Cha kwanza ni hasira. Nyumbani nafoka kwa jambo dogo: chai imepoa, taa ya choo imeachwa inawaka, mtoto kajibu kwa sauti ya chini. Nikipiga honi getini, watoto wanazima televisheni na kuingia vyumbani. Zamani nilisema hiyo ni adabu. Siku hizi naona ni woga. Nimefunga, nimeomba, nimewekewa mikono. Natulia wiki mbili tatu, halafu inarudi.

Cha pili nilikuwa hata sikioni kuwa ni dhambi. Biashara yetu inakwenda kwa lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia, na gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kipande cha gunia jingine juu, linajazwa tena, linafungwa kamba. Bei ni ile ile ya gunia moja. Msimu uliopita tulikuwa tunapakia kwa mama mmoja mjane. Alisimama pembeni anahesabu kwa vidole. Alitegemea magunia 10, yakatoka saba. Aliponiangalia nikamwambia, "Mama, ndiyo biashara ilivyo." Akasema, "Haya baba, Mungu akubariki." Baraka ile imenikaa kooni hadi leo.

Jioni hiyo nilifika nyumbani nimechoka. Binti yangu mkubwa, aliyemaliza kidato cha sita, ndiye ananiandikia daftari la hesabu. Akauliza mbona kwa yule mama tumeandika saba wakati kwenye simu tulisema kumi. Nikafoka asiniingilie. Akasema, bila kupaza sauti, "Baba, wewe hukuokoka. Uliacha pombe tu." Nikamzaba kofi. Nusu saa baadaye majirani wakaja, maana jumuiya ilikuwa kwetu, nami ndiye niliyeongoza sala ya kufungua.

Mwezi huu mchungaji ameniita. Jina langu limependekezwa niwe mzee wa kanisa, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu hajasema nikubali wala nikatae, kasema tu, "Utaamua mwenyewe." Nikikubali najiona mnafiki. Nikikataa nitoe sababu gani? Na kubwa kuliko hayo: kama Mungu aliweza kuniondolea pombe usiku mmoja, kwa nini haya mengine ameyaacha? Au binti yangu amesema kweli, sikuokoka?

Mzee mtarajiwa, Mbeya

JIBU

Marahaba baba, na Bwana asifiwe sana.

Asante kwa kuandika bila kujipamba. Ungeweza kuniletea swali la uzee wa kanisa peke yake, nikakujibu kwa mistari ya Timotheo tukaachana. Umeleta na kofi, na yule mama mjane, na honi ya getini. Basi nami nitajaribu kukujibu wewe mzima.

Nikikusoma vizuri, umebeba hasira, lumbesa na nafasi unayopewa kanisani, halafu yote umeyageuza swali moja: niliokoka au sikuokoka? Hilo siwezi kukujibia, na sidhani hata binti yako alitaka ulijibu. Ila nina wasiwasi na unavyoliuliza. Unasema pombe iliondoka usiku mmoja, basi na mengine yangeondoka hivyo hivyo kama wokovu ungekuwa wa kweli. Nani alikufundisha hivyo? Nashuku ni ushuhuda wenyewe. Makanisani mwetu tumezoea ushuhuda wa vipande viwili: zamani nilikuwa hivi, sasa niko hivi, haleluya, anayefuata. Hatuna nafasi ya mtu kusimama akasema, "Niliokoka zamani, na mwezi uliopita Bwana amenionyesha baya jipya ndani yangu." Akisema hivyo tunamkimbilia kumwombea kama aliyerudi nyuma. Na mtu akishausimulia ushuhuda wa namna ile mara nyingi, anafika mahali anaamini kwamba kazi ya Mungu ndani yake iliishia pale anapozoea kumalizia.

Biblia haiwasimulii watu wake hivyo. Petro alihubiri siku ya Pentekoste, watu wapata elfu tatu wakabatizwa. Miaka ikapita, akawa Antiokia anakula meza moja na waamini wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga, hata Barnaba akachukuliwa naye. Ni yule yule aliyemkana Bwana kwa kumwogopa kijakazi. Woga wake wa watu haukufa Pentekoste. Paulo alimkemea mbele ya wote, soma Wagalatia 2, lakini hakumwambia kwamba hajaokoka wala hakumrudisha kubatizwa. Alimwambia haendi sawasawa na kweli ya injili. Na Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, zaidi ya miaka 20 tangu njia ya Dameski, aliwaandikia Wafilipi: "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu, la!"

Hata baada ya mitume mambo ni hayo hayo. Augustino, ambaye kabla ya kuongoka aliishi na mwanamke bila ndoa, alibatizwa Milano mwaka 387. Miaka kama 10 baadaye, tayari askofu wa Hippo, huko ambako leo ni Algeria, aliandika wazi kwamba chakula bado kinamvuta, na kwamba sifa za watu bado zinamnogea kuliko anavyotaka. Hili la sifa nitalirudia.

Kwa hiyo inawezekana, sisemi ndivyo, kwamba kilichokukaa kooni pale shambani ni kazi ile ile ya 2016 ikiendelea. Umepakia lumbesa miaka yote hiyo ukalala usingizi wako. Leo mjane anakubariki, unashindwa kumeza. Kuna kitu kimesogea.

Lakini hapa twende kwa uangalifu, maana neno "polepole" linaweza kuwa mahali pazuri sana pa kujificha. Wakristo tunasema "Mungu bado ananifanyia kazi" kwa mambo ambayo Mungu hahitaji muda kuyafanyia kazi; sisi ndio hatujataka kuyaacha. Hasira na lumbesa umeviweka kapu moja, na mimi nadhani ni vitu viwili tofauti kabisa. Hasira ni mazoea ya mwili na ya moyo, pengine umeyaona kwa baba yako kabla hujajua kusoma. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kuwa mpole na jioni akawa mpole. Ndiyo maana Paulo aliorodhesha upole na kiasi kama tunda la Roho, na tunda halipatikani kwa kufunga siku tatu. Gunia ni habari nyingine. Kile kipande cha juu hakijishoni. Kuna mtu unamlipa akishone. Hilo halikui wala halipungui polepole ndani ya moyo. Ama unakishona, ama hukishoni.

Nami naomba nikuulize jambo, ulifikirie tu. Siku ya kofi ulitoka kwa yule mama. Njia nzima ulikuwa na baraka yake. Binti akagusa hapo hapo, kwenye ile saba na ile kumi. Je, kilichofoka ni uchovu, au ni dhamiri iliyoguswa kidonda? Rudi kwenye siku nyingine ulizofoka, zile za chai na taa ya choo. Zilikuwa siku gani? Umetoka wapi, umemwambia nani uongo, nani anakudai? Huenda ukakuta hazina uhusiano wowote. Huenda pia ukakuta kwamba umekuwa ukifungia na kuombea hasira wakati mzizi wake uko kwenye mizani.

Na hili la sifa. Ulipoacha pombe, kanisa lilipiga vigelegele, mke akapumua, mfuko ukanenepa. Kulikuwa na gharama, sikatai, lakini kulikuwa na malipo papo hapo. Ukiacha lumbesa hakuna atakayekuita kwenye semina. Mtaji utapungua, wenzako watakucheka, mnunuzi wa Dar atakuuliza mbona gunia lako limenywea. Pengine ndiyo sababu moja ya haya kuonekana magumu kuliko pombe. Sijui. Wewe unajijua.

Tuseme basi unataka kulishughulikia. Kuna njia zaidi ya moja, na zote zina miiba. Unaweza kuacha kabisa kuanzia msimu ujao, unanunua kwa kilo, mizani iko wazi mbele ya mkulima. Sheria iko upande wako. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita magunia yanayozidi kilo 100. Wakulima nao watakupenda. Lakini ukimlipa mkulima haki yake huku sokoni mwenzako anauza lumbesa kwa bei ya gunia, fuso moja tu laweza kukutia hasara, na ada za shule zinakusubiri. Unaweza kuanza na kijiji kimoja, au kutafuta wafanyabiashara wawili watatu wenye moyo kama wako mkaanza pamoja. Hiyo ina akili zaidi kibiashara, ila "kuanza na kijiji kimoja" kunaweza kubaki kijiji kimoja mpaka unazeeka. Na unaweza kuendelea kama zamani ukiongeza sadaka. Najua wapo wanaofanya hivyo. Mithali 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," na sijaona sura inayosema fungu la kumi linaigeuza kuwa manukato.

Halafu kuna waliokwisha kupunjwa. Zakayo hakuishia kusema hatarudia. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Uganda, Buhaya na Kenya, walijulikana kwa hilo: mtu akitubu, alirudisha alichoiba. Wewe huwezi kuwakumbuka wakulima wote. Mjane mmoja unamkumbuka, na daftari lipo. Kumfuata kimya kimya ni jambo moja. Kumfuata na kuligeuza sura ya pili ya ushuhuda wako ni jambo jingine. Ukimwendea, nakusihi usimwambie mtu usharikani, angalau kwa muda.

Sasa binti yako, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nakuheshimu. Hasira inaweza kuchukua miaka kupungua, lakini mkono hauna ruhusa ya kusubiri miaka hiyo. Watu wa nyumbani kwako hawawezi kuwa uwanja wako wa mazoezi ya kukua kiroho. Hujaniambia kama ulimwomba msamaha. Kama bado, swali la uzee wa kanisa liko mbali sana na wewe kuliko unavyodhani. Wababa wengi huogopa kwamba wakimwomba mtoto msamaha heshima itashuka; kwa niliyoyaona katika kazi hii, mara nyingi huwa kinyume chake, ingawa siwezi kukuahidi. Anaweza kukusikiliza kwa uso mkavu. Anaweza kukujibu, "Tutaona." Usimtake akusamehe hapo hapo ili wewe ujisikie vizuri. Na maneno yake, "uliacha pombe tu", jaribu kuyasikia tena hasira ikiwa imelala. Mtoto aliyekata tamaa na baba yake haulizi habari za daftari. Huyu bado anategemea kitu kutoka kwako.

Kama ngumi na makofi si jambo la siku moja, kama mama yao naye amewahi kuguswa, basi tafuta msaada wa mtu aliyesomea kazi hiyo, na usimzuie mkeo kwenda anakoona atasikilizwa, iwe kwa mama mchungaji au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Sikutuhumu. Hukuandika hivyo. Nasema kwa sababu wapo wasomaji watakaojiona humu.

Tuje kwa mchungaji anayesubiri jibu. Ukikubali kimya kimya, inawezekana nafasi yenyewe ikakuvuta juu. Watu wengine hukua wakibebeshwa. Inawezekana pia ikawa pazia jingine, na mtu mwenye pazia mara nyingi hufoka zaidi nyumbani, maana nyumbani ndiko pekee anakoonekana. Ukikataa kwa kusema "sistahili", watu watakusifia unyenyekevu, na hakuna kitakachobadilika shambani wala sebuleni. Ukikataa kwa sababu kweli unataka kuanza na nyumba yako, hiyo ina uzito: Timotheo wa kwanza, sura ya 3, inataka mtu anayesimamia nyumba yake vema, na inataka mtu asiyepiga watu, asiyetamani fedha ya aibu. Ila nayo isome vizuri. Ingetaka watu wasiokuwa na doa hata moja, makanisa yasingekuwa na wazee kabisa.

Ipo na njia ya kumwendea mchungaji na kumweleza kama ulivyonieleza mimi, kisha mkaamua pamoja, labda wakakuacha kipindi hiki. Hii inanivutia, ila si salama kama inavyosikika. Wapo wachungaji wanaotunza siri, na wapo ambao siri kwao ni mada ya mahubiri ya Jumapili. Wewe unamjua wa kwenu. Nikikufikiria namkumbuka yule kipofu wa Bethsaida, Marko 8. Bwana alimwekea mikono akamwuliza, waona kitu? Angeweza kusema ndiyo, naona, na watu wakashangilia. Alisema, "Naona watu kama miti, inakwenda." Akawekewa mikono mara ya pili. Kila mara nikiisoma habari ile nashangazwa na jibu lake zaidi ya muujiza, kwamba hakuona haya kumwambia Bwana kuwa kazi haijaisha. Mtu wa kumwambia hivyo unaye? Awe mchungaji, awe mzee mwingine, hata dereva wako wa fuso kama ni mtu wa Mungu. Mtu anayekuona ukiwa na wakulima, si ukiwa madhabahuni.

Na mkeo. "Utaamua mwenyewe" si jibu la mtu asiye na la kusema. Kabla hujamrudia mchungaji, kaa naye, usimwulize habari za uzee wa kanisa. Muulize anaishije na wewe. Chagua siku ambayo hujatoka safari na huna njaa, watoto wakiwa wametoka, na akianza kusema usimkatize hata akisema usilolipenda. Akikujibu kwamba hakuna neno, yote ni sawa, usimshukuru Mungu haraka. Subiri siku kadhaa, umuulize tena.